Kutafuta kikundi cha wafanyabiashara na kuelekezwa wateja: mfano wa Namuwongo, Kampala

KIPINDI CHA REDIO KWA WAKIMBIZI
Sehemu ya leo: Kazi na kipato
Sauti: Mtangazaji 1 (mwanamke), Mtangazaji 2 (mwanamume). Katika igizo: Mshonaji, Katibu wa kikundi.
Kwa kiongozi wa kikundi cha wasikilizaji: someni pamoja, simameni baada ya igizo, kisha jibuni maswali yaliyo mwishoni.

[MUZIKI WA KUFUNGULIA. UPUNGUE TARATIBU, UBAKI CHINI YA SAUTI]

MTANGAZAJI 1: Mlio Nakivale, Kyaka, Rwamwanja na Kyangwali, mlio Kakuma na Nyarugusu, na ninyi mliohamia mijini, karibuni. Niko hapa na kaka yangu.

MTANGAZAJI 2: Asante dada. Leo tunazungumza na mtu mwenye kazi mikononi ambaye bado hajapata wateja. Unajua kushona, kusuka nywele, kutengeneza simu, kupika au kupaka rangi nyumba, na kazi yako ni nzuri. Lakini mtaa ni mgeni, na wanaohitaji kazi hiyo hawajui kwamba upo.

MTANGAZAJI 1: Wengi tulikuwa na wateja nyumbani. Bukavu, Goma, Bujumbura au Juba, watu walijua fundi ni nani na duka lake liko wapi. Ulipovuka mpaka ulikuja na ujuzi wako, ila majina ya wateja yalibaki nyuma.

MTANGAZAJI 2: Na siku hizi hilo linauma zaidi. Hapa Uganda mgao wa chakula kwa wakimbizi ulipunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Aprili 2020, na baada ya hapo makato mengine yakafuata. Familia nyingi zimelazimika kutafuta kipato chao. Ndiyo maana leo tunaeleza jambo moja: namna ya kupata kikundi cha wafanyabiashara mahali ulipo, na namna ya kufanya wanakikundi wakuelekeze wateja.

MTANGAZAJI 1: Mfano wetu ni Namuwongo.

[SAUTI ZA MTAANI: BODA BODA, WATU WAKISALIMIANA, CHEREHANI. SEKUNDE TANO]

MTANGAZAJI 2: Kwa wasiofika, Namuwongo iko Kampala, katika divisheni ya Makindye, jirani na eneo la viwanda. Reli inapita kando yake, na mfereji wa Nakivubo unapita bondeni. Kuna mitaa kama Soweto na Kanyogoga ambako nyumba zimebanana. Juu kidogo kuna barabara yenye maduka na hospitali kubwa ya International Hospital Kampala.

MTANGAZAJI 1: Ni mtaa wa watu waliotoka mbali. Wako Waganda, wako watu wa kaskazini mwa Uganda waliokimbia vita miaka ile ya waasi wa LRA, na wako wakimbizi wa Kongo, Sudan Kusini na kwingineko. Kwa hiyo ukifika pale ukiwa hujulikani, majirani zako wengi walishapitia hali hiyo hiyo.

MTANGAZAJI 2: Kuna jambo jingine la Namuwongo la kukumbuka. Mwaka 2014 vibanda na nyumba nyingi zilizokuwa kwenye hifadhi ya reli zilibomolewa. Fikiria fundi ambaye wateja wake walimjua kwa kibanda tu: "yule wa pale kando ya reli". Kibanda kikiondoka, watampataje? Lakini akijulikana kwa jina, na watu kumi wakiwa na namba yake ya simu, anaweza kuanza tena mtaa wa pili.

MTANGAZAJI 1: Basi tuanze na maana. Kuelekezwa mteja ni nini?

MTANGAZAJI 2: Ni pale mtu mmoja anapomwambia mwingine: "Unatafuta fundi? Nenda kwa mama fulani, mwambie nimekutuma mimi." Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Anayesema hivyo amekuweka chini ya jina lake. Ukifanya vizuri, yeye anaonekana mtu wa maana. Ukiharibu, lawama inamrudia yeye kwanza.

MTANGAZAJI 1: Kwa hiyo mtu hawezi kukuelekeza wateja siku ya kwanza mnapokutana. Anahitaji kukuona na kukujua. Hapo ndipo kikundi kinapokuja.

MTANGAZAJI 2: Na kuna sababu ya pili ya kutafuta kikundi. Ndugu zako na marafiki zako wa karibu wanajua watu wale wale unaowajua wewe. Mtu unayekutana naye mara moja kwa wiki anajua watu wengine kabisa. Mwanazuoni mmoja wa Marekani, Mark Granovetter, alichunguza jambo hili miaka ya 1970. Aliwahoji watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua, akawauliza walikuwa wakionana na mtu huyo mara ngapi. Takriban asilimia 17 tu walisema walionana naye mara kwa mara. Asilimia 56 hivi walisema walionana naye mara moja moja, na asilimia 28 hivi walisema walionana kwa nadra.

MTANGAZAJI 1: Yaani habari ya kazi ilitoka kwa mtu wa mbali kidogo kuliko kwa ndugu wa nyumbani.

MTANGAZAJI 2: Ndivyo. Ndugu anakupenda zaidi, lakini mtu wa mbali kidogo anakufungulia mtaa ambao ndugu yako hajawahi kuingia.

MTANGAZAJI 1: Wafanyabiashara wa nchi nyingine waliliona hili zamani. Chama cha Rotary kilianza Chicago mwaka 1905, na mwanzoni wanachama wake walikuwa watu wa kazi mbalimbali waliokutana kwa zamu katika ofisi zao. Mwaka 1985, hukohuko Marekani, Ivan Misner alianzisha mtandao uitwao BNI. Kila tawi lake linapokea mtu mmoja tu wa kila kazi, na wanakutana kila wiki kupeana majina ya wateja.

MTANGAZAJI 2: Vikundi hivyo vina ada kubwa, na wengi wetu hatuwezi kuilipa. Lakini kanuni yake hailipiwi: kutaneni siku maalumu, kila mtu ajue kazi ya mwenzake, na mpelekeane wateja. Na sisi tayari tuna vikundi vinavyokutana kila wiki. Wakongomani wana likelemba. Wanyarwanda wana ikimina. Wakenya wanaita chama. Watanzania wanacheza upatu. Wasomali wana ayuuto, Waethiopia wana ekub. Waganda wana munno mukabi, yaani rafiki wa wakati wa shida, kikundi cha kusaidiana kwenye misiba na magonjwa.

MTANGAZAJI 1: Na kuna vikundi vya kuweka na kukopa, vile vya sanduku. Mtindo huu ulianzishwa Niger mwaka 1991 na shirika la CARE, ukaenea Afrika nzima. Wanachama huwa kati ya 15 na 30. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo wanashika watu watatu tofauti. Kila mkutano mtu ananunua hisa moja hadi tano. Tuseme hisa ni shilingi 2,000. Ukinunua hisa tatu kwa wiki kumi, una akiba ya 60,000. Vikundi vingi vinaruhusu mkopo hadi mara tatu ya akiba, hivyo unaweza kuomba hadi 180,000. Baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili mnagawana akiba na faida.

MTANGAZAJI 2: Watu wengi wanaingia humo kwa ajili ya mkopo tu. Wanatoa hela, wanasaini daftari, wanaondoka. Hawaulizi jirani aliyekaa kwenye mkeka uleule anafanya kazi gani, wala hawasemi wao wanafanya nini.

MTANGAZAJI 1: Kabla hatujaenda mbele, msikilizaji mmoja atauliza: je, mkimbizi anaruhusiwa?

MTANGAZAJI 2: Kwa Uganda, ndiyo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi anayetambuliwa haki ya kutafuta ajira na kufanya biashara na kazi za mikono. Inampa pia haki ya kujiunga na vyama visivyo vya siasa na visivyo vya kutafuta faida, pamoja na vyama vya wafanyakazi. Lakini kufanya biashara Kampala kuna leseni ya mamlaka ya jiji, KCCA. Na ukitoka kwenye makazi kwenda mjini, uliza kwanza ofisi ya OPM ya makazi yako kuhusu kibali cha safari na kuhusu mgao wako usipokuwepo.

MTANGAZAJI 1: Mlio Kenya na Tanzania, sheria zenu ni tofauti, na mahali pengine kutoka kambini bila kibali ni kosa. Ulizeni ofisi za msaada wa kisheria kambini. Lakini kikundi cha ndani ya kambi kinafuata njia hii hii tunayoeleza.

[MUZIKI MFUPI]

MTANGAZAJI 2: Sasa, unafika Namuwongo. Utavipata wapi vikundi? Tuna njia tano. Chukua kalamu kama unayo.

MTANGAZAJI 1: Ya kwanza ni mwenyekiti wa LC1, kiongozi wa mtaa. Ukihamia, nenda ukajitambulishe, ukiwa na kitambulisho chako cha mkimbizi au barua yako ya OPM. Ni adabu, na pia ni usalama wako. Yeye au katibu wake anajua vikundi vinavyokutana katika eneo lake, siku zake na viongozi wake. Usiulize tu, "Kuna msaada?" Sema: "Mimi ni fundi wa kushona. Natafuta kikundi cha akiba ambacho kina wafanyabiashara."

MTANGAZAJI 2: Ya pili ni nyumba za ibada. Kanisani na msikitini kuna vikundi vya akina mama, vya vijana, vya kusaidiana. Unaweza kuanza na kanisa la watu wa lugha yako, maana hapo utaeleweka haraka. Lakini usiishie hapo. Ukikaa na watu wa kwenu peke yao, wote mna kazi zinazofanana na wateja wale wale.

MTANGAZAJI 1: Ya tatu ni wale unaonunua kwao. Mshonaji ananunua vitambaa na nyuzi, labda mitaa ya Kikuubo katikati ya jiji. Mpishi ananunua unga na mafuta. Mwenye duka la jumla anawajua wateja mia. Nunua kwake kila mara, lipa kwa wakati, mwambie unashona nini. Siku mteja akimuuliza, "Kitambaa hiki nani atanishonea?", jina lako liwe karibu na ulimi wake.

MTANGAZAJI 2: Ya nne ni majirani wa kazi, hasa wale ambao kazi zao zinakutana na yako. Msusi anakaa na mteja saa tatu, na mteja huyo ana harusi Jumamosi, anahitaji gauni. Mshonaji ana mteja wa harusi anayehitaji mpishi. Mpishi anahitaji boda boda wa kubeba sufuria. Steji ya boda boda nayo ni kikundi: vijana wale wanapita kila kona na kuulizwa kila kitu.

MTANGAZAJI 1: Ya tano ni mashirika ya wakimbizi na yanayohudumia wakimbizi mjini. Kampala kuna InterAid, ambayo imekuwa mshirika wa UNHCR kwa wakimbizi wa mjini. Kuna pia mashirika yaliyoanzishwa na wakimbizi wenyewe. Mfano ni YARID, lililoanzishwa na vijana wakimbizi wa Kongo mwaka 2007. Walianza kwa kukutanisha vijana kwenye mpira wa miguu, na kutoka kwenye mazungumzo ya uwanjani wakaja kuanzisha masomo ya Kiingereza na mafunzo ya kazi.

MTANGAZAJI 2: Hiyo inatufundisha kwamba kikundi si lazima kianze kikiitwa kikundi cha biashara. Kinaweza kuanza kwa mpira, kwa kwaya au kwa darasa la lugha. Muhimu ni watu kukutana mara kwa mara.

MTANGAZAJI 1: Na wewe uliye bado kwenye makazi, anza huko huko. Ukiwa mwanachama mwaminifu wa kikundi cha sanduku Nakivale, omba viongozi wakuandikie barua fupi utakapohama: umekaa miaka mingapi, umelipa mikopo yako yote. Tunza na daftari lako la hisa. Katibu wa kikundi cha mjini akiona daftari lililojaa mihuri, ameshajua kitu kuhusu wewe.

MTANGAZAJI 2: Dada, tutoe na tahadhari. Si kila kikundi ni kikundi.

MTANGAZAJI 1: Kweli kabisa. Kabla hujatoa hata shilingi moja, omba kukaa mikutano miwili au mitatu kama mgeni. Angalia na kuuliza haya: Je, hela zinahesabiwa mbele ya watu wote? Je, kila mwanachama ana daftari lake? Je, kuna katiba iliyoandikwa, na mtu anaweza kukusomea kwa lugha unayoelewa? Je, mwaka jana waligawana, na kila mtu alipata chake? Je, kikundi kinajulikana kwa LC au kimesajiliwa kwa afisa wa maendeleo ya jamii?

MTANGAZAJI 2: Na zipo dalili za kukimbia. Mtu anataka ada kubwa leo hii, la sivyo nafasi itaisha. Anakuahidi faida mara mbili kwa mwezi. Anataka umwachie kitambulisho chako cha mkimbizi. Anataka namba yako ya siri ya simu ya pesa. Kikundi kina mtu mmoja anayeshika sanduku, funguo na daftari. Ukiona hata moja ya hizo, ondoka.

MTANGAZAJI 1: Na hili tunalisema wazi. Hakuna mtu mwenye haki ya kukudai ngono au hongo ili akuunganishe na mteja, kazi au msaada. Akifanya hivyo hilo ni kosa, na si kosa lako. Mwambie mtu unayemwamini, na toa taarifa kwa shirika linalohudumia wakimbizi au kwa polisi.

[MUZIKI MFUPI]

MTANGAZAJI 2: Sasa tusikilize igizo. Mshonaji alitoka Nakivale, sasa anaishi Namuwongo. Amejiunga na kikundi cha sanduku miezi miwili iliyopita. Mkutano umekwisha, watu wanaondoka, naye anabaki na katibu, mama wa Kiganda.

[SAUTI: VITI VINASOGEZWA, WATU WANAAGANA, TRENI INAPITA MBALI]

MSHONAJI: Mama katibu, gyebale ko.

KATIBU: Kale nnyabo! Umeanza kusema Luganda. Watoto hawajambo?

MSHONAJI: Hawajambo, mama, tunashukuru Mungu. Nilikuwa na neno, kama una dakika.

KATIBU: Kaa. Sema.

MSHONAJI: Mama, cherehani ninayo, lakini wateja hawaji. Wiki hii nimepata suruali moja ya kupunguza, basi. Nilitaka kuomba, ukisikia mtu anatafuta fundi, unikumbuke.

KATIBU: Nitakukumbuka. Lakini unashona nini?

MSHONAJI: Nashona kila kitu, mama.

KATIBU: (ANACHEKA) Kila kitu! Kila fundi Namuwongo anasema hivyo. Mtu akiniuliza kesho, nitamwambia nini? Niambie kitu kimoja ambacho mkono wako hauteleza.

MSHONAJI: (KIMYA KIDOGO) Sare za shule. Huko nyumbani nilishonea shule mbili. Sketi za marinda, mashati, na shingo za shati hazikunjiki hata baada ya kufua.

KATIBU: Sasa tunazungumza. Shule zinafungua mwezi ujao. Una moja ya kunionyesha?

MSHONAJI: Ya binti yangu. Hii hapa, niliibeba.

KATIBU: (ANAIKAGUA) Hebu niigeuze ndani... Mshono umenyooka. Na ukisema siku fulani, nguo inakuwa tayari siku hiyo?

MSHONAJI: Sare moja, siku mbili. Zikiwa kumi, wiki mbili, maana nina cherehani moja. Siwezi kuahidi zaidi ya hapo.

KATIBU: Umesema vizuri. Mwezi uliopita kuna fundi alisema siku tatu, tukangoja wiki tatu, na mimi ndiye niliyempeleka. Dada yangu hakunisemesha. Sikiliza. Jirani yangu ana watoto watatu, wote sare zimewabana. Nitamwambia aje kwako. Usiniaibishe.

MSHONAJI: Siwezi, mama. Nikimaliza nitakuja kukuambia mwenyewe. Na mama, nimemsikia binti yako anatafuta mtu wa kumsuka kwa ajili ya kwanjula. Kwenye ua wetu kuna msusi, anasuka vizuri sana. Nimletee namba yake?

KATIBU: Mlete, mlete! Weebale nnyo.

[SAUTI ZINAFIFIA]

MTANGAZAJI 1: Simameni hapo kidogo, vikundi vya wasikilizaji. Mshonaji amefanya mambo gani mazuri?

[MUZIKI, SEKUNDE KUMI]

MTANGAZAJI 2: La kwanza, hakuomba siku ya kwanza. Alikaa miezi miwili, akafika kwenye mikutano, akanunua hisa zake. Katibu alishamwona.

MTANGAZAJI 1: La pili, alipoulizwa vizuri, alitaja kazi moja na wakati wake. "Nashona kila kitu" haimsaidii mtu kukukumbuka. "Nashona sare za shule, na shule zinafungua mwezi ujao" inamfanya katibu aone sura ya jirani yake papo hapo.

MTANGAZAJI 2: La tatu, alikuwa na kazi ya kuonyesha. Beba mfano mmoja mzuri kwenye mkutano. Kama kazi yako haibebeki, kama kupaka rangi, piga picha kwa simu.

MTANGAZAJI 1: La nne, hakudanganya kuhusu siku. Alisema ana cherehani moja. Aliyekuelekeza anahitaji kujua mpaka wako ili asiahidi asichokiweza.

MTANGAZAJI 2: Na la tano, naye alitoa. Kabla hajapata hata mteja mmoja, alimwelekeza msusi. Wengine husema, "Mimi ni mgeni, nitampeleka nani?" Kila mtu anajua angalau mtu mmoja mwenye kazi nzuri. Ukimpa mwenzako mteja leo, watu wanaanza kukuona kama mtu wa kuuliza.

MTANGAZAJI 1: Sasa mteja amefika. Ufanye nini?

MTANGAZAJI 2: Kwanza, muulize nani amemtuma, na uandike kwenye daftari. Safu tatu zinatosha: jina la mteja, nani amemtuma, kazi ilikwisha lini. Baada ya miezi mitatu utaona wateja wanatoka wapi. Labda utakuta kikundi cha Jumapili hakijaleta mtu hata mmoja, na mwenye duka la nyuzi ameleta watano. Hapo utajua pa kuweka nguvu zako.

MTANGAZAJI 1: Pili, kubaliana bei na siku kabla ya kuanza, na kama kazi ni kubwa, pokea malipo ya awali. Mteja wa kuelekezwa hapati bei ya aibu kwa sababu tu ametumwa. Bei yako iwe ile ile, au kama unampunguzia, mwambie umempunguzia kwa heshima ya aliyemtuma.

MTANGAZAJI 2: Tatu, rudi kwa aliyekutumia mteja. Hata kwa maneno mawili: "Mama, yule jirani amekuja, sare zimekwisha, ameridhika." Wengi wanasahau hili. Aliyekuelekeza anabaki na wasiwasi, hajui kama ulimheshimu au ulimwaibisha. Mtu mwenye wasiwasi hatumi mteja wa pili.

MTANGAZAJI 1: Kaka, na je, umpe kitu kidogo?

MTANGAZAJI 2: Mahali pengine kuna desturi ya kumpa aliyekuletea kazi sehemu ya malipo. Kama ndiyo desturi ya kikundi, mkubaliane mapema na kiasi kijulikane. Usije ukadaiwa baadaye kitu ambacho hamkukisema. Lakini mara nyingi shukrani na kumrudishia mteja ni malipo tosha.

MTANGAZAJI 1: Na kazi ikiharibika? Maana umeme unakatika, mtoto anaugua, kitambaa kinaungua kwa pasi.

MTANGAZAJI 2: Usijifiche. Mpigie mteja kabla siku ya ahadi haijafika, si baada yake. Halafu mpigie aliyekutumia, asikie kutoka kwako kabla hajasikia kwa mwingine. Sema kilichotokea na namna utakavyokitengeneza. Kama umeharibu kitambaa, lipa au nunua kingine, hata kwa awamu. Utapoteza faida ya kazi ile moja, lakini mlango wa kikundi utabaki wazi.

MTANGAZAJI 1: Na upande wa pili pia: usimwelekeze mtu usiyeijua kazi yake kwa kumhurumia tu. Kama ni ndugu yako na unataka kumsaidia, mpe kazi ndogo wewe kwanza, uione. Au mwambie mteja ukweli: "Namjua kwa tabia, lakini kazi yake sijaiona."

MTANGAZAJI 2: Lugha nayo ni sehemu ya kazi. Kiswahili kinakufikisha mbali Kampala, lakini Luganda inafungua mioyo. Jifunze salamu, namba, majina ya vitu vya kazi yako, na neno la shukrani. Ukikosea watacheka, na kicheko hicho mara nyingi ndicho mwanzo wa mazoea.

MTANGAZAJI 1: Kuna wenyeji wanaosema wakimbizi wanachukua kazi zao. Maneno hayo yapo, tusiyafiche. Lakini mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, akiwemo Alexander Betts, walitoa ripoti kuhusu uchumi wa wakimbizi Uganda. Waligundua kwamba Kampala, asilimia 21 ya wakimbizi walikuwa na biashara inayoajiri angalau mtu mmoja mwingine. Na kati ya walioajiriwa, asilimia 40 walikuwa raia wa Uganda.

MTANGAZAJI 2: Kwa hiyo katika kikundi chenye watu mchanganyiko, mwenyeji ana faida yake na mgeni ana faida yake. Mwenyeji anawajua wenye nyumba, walimu wa shule na wateja wa siku nyingi. Mkimbizi ana mitindo ya vitenge ya kwao, ana mapishi, ana lugha za wateja wengine. Wakiwekana pamoja, wote wanapata.

MTANGAZAJI 1: Na kama umetafuta, ukakosa kikundi kinachokufaa?

MTANGAZAJI 2: Anzeni wenu, hata watu watano. Mshonaji, msusi, mpishi, fundi simu, boda boda. Kila mtu kazi yake, msigongane. Kutaneni siku moja kwa wiki, nusu saa tu. Kila mtu aseme mambo mawili: wiki hii natafuta mteja wa aina gani, na wiki iliyopita nilimpeleka nani kwa nani. Mmoja aandike. Baadaye mkiaminiana, ndipo mlete sanduku la akiba. Hela zisitangulie uaminifu.

MTANGAZAJI 1: Turudie kwa ufupi kwa waliochelewa. Jitambulishe kwa kiongozi wa mtaa. Tafuta vikundi kwenye nyumba za ibada, kwa wauzaji wako, kwa majirani wa kazi na kwenye mashirika. Kaa kama mgeni kabla ya kutoa hela. Taja kazi moja, beba mfano wa kazi yako. Toa wateja kabla ya kudai wateja. Fanya kazi kwa wakati, kisha rudi kwa aliyekutuma. Andika kila kitu kwenye daftari.

MTANGAZAJI 2: Maswali kwa vikundi vya wasikilizaji:

Moja: Katika makazi au mtaa wenu, kuna vikundi gani vinavyokutana kila wiki? Vitajeni vyote, hata kwaya na timu ya mpira.

Mbili: Kila mmoja aseme kazi yake kwa sentensi moja, akitaja kitu kimoja anachokifanya vizuri zaidi. Wenzake waseme kama wangeikumbuka kesho.

Tatu: Ni nani aliwahi kumwelekeza mtu akaaibishwa? Fundi angefanya nini ili kurekebisha?

Nne: Kabla ya mkutano ujao, kila mmoja amwelekeze mwenzake mteja mmoja. Mkutano ujao mseme matokeo.

MTANGAZAJI 1: Wiki ijayo tutaeleza namna ya kutunza hesabu za biashara ndogo kwa daftari moja.

MTANGAZAJI 2: Kazi njema, na tuonane wiki ijayo.

[MUZIKI WA KUFUNGIA UPANDE, KISHA UZIME]